Upozaji wa kompyuta kwa bamba la Peltier: faida, hasara na mazingira ya Bukoba na Muleba

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

Huduma nyingi za umma mkoani Kagera sasa hupitia kwenye kompyuta. Hospitali na vituo vya afya huandikisha wagonjwa kwa mfumo wa GoTHOMIS, halmashauri hununua bidhaa na huduma kupitia mfumo wa NeST, na malipo ya Serikali hufanyika kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo. Kompyuta ya dirishani inapojizima kwa sababu ya joto, mwananchi aliyepanda gari alfajiri kutoka Kamachumu au Nshamba kufuata huduma Muleba mjini hulazimika kusubiri, na pengine kurudi kesho yake.

Kwa sababu hiyo, suala la kupoza kompyuta linawahusu wananchi wengi zaidi ya mafundi. Miongoni mwa vifaa vinavyouzwa mtandaoni kama tiba ya joto la kompyuta ni bamba dogo la umeme liitwalo bamba la Peltier, ambalo upande wake mmoja huwa baridi mara linapounganishwa na umeme. Makala hii inaeleza namna bamba hilo linavyofanya kazi, faida na hasara zake, na iwapo linafaa kwa ofisi, shule na maduka ya huduma za kompyuta katika wilaya za Bukoba na Muleba.

Joto la kompyuta linatoka wapi

Moyo wa kompyuta ni kichakataji, ambacho mafundi wengi hukiita prosesa. Karibu umeme wote unaoingia kwenye kichakataji hugeuka kuwa joto. Vichakataji vingi vya kompyuta za mezani za ofisini vimesanifiwa kwa joto la takribani wati 65, na vya kompyuta mpakato nyingi kwa takribani wati 15. Joto hilo hutoka kwenye kipande chenye ukubwa wa kidole gumba, hivyo lisipoondolewa haraka kichakataji hupunguza kasi ili kujilinda, na hali ikizidi kompyuta hujizima.

Njia iliyozoeleka ya kuliondoa ina sehemu tatu. Juu ya kichakataji hupakwa krimu maalumu ya kupitisha joto. Juu ya krimu hukaa kipande cha alumini au shaba chenye mapezi mengi membamba. Mwisho hufungwa feni inayopuliza hewa kati ya mapezi hayo. Mfumo huu hauwezi kushusha joto la kichakataji chini ya joto la hewa ya chumbani, wala hauhitajiki kufanya hivyo. Vichakataji vingi vya kisasa hufanya kazi salama hata vinapofikia nyuzijoto 70 au 80 za Selsiasi, na vingi huanza kujipunguzia kasi vinapokaribia nyuzijoto 100.

Bamba la Peltier na historia yake

Msingi wa teknolojia hii una umri wa karibu karne mbili. Mwaka 1821 Thomas Seebeck alibaini kuwa metali mbili tofauti zilizounganishwa, zikiwa na tofauti ya joto kati ya maungio yake, huzalisha nguvu ya umeme. Mwaka 1834 Mfaransa Jean Charles Athanase Peltier, aliyewahi kuwa fundi saa, aligundua kinyume chake: mkondo wa umeme ukipita katika maungio ya metali mbili, ungio moja hupoa na jingine hupata joto. Mwaka 1838 Emil Lenz aliitumia kanuni hiyo kugandisha tone la maji kuwa barafu, kisha akaliyeyusha kwa kugeuza mwelekeo wa mkondo.

Kwa zaidi ya miaka 100 ugunduzi huo haukuwa na matumizi makubwa, kwa kuwa ubaridi unaopatikana kwa metali za kawaida ni mdogo mno. Mabadiliko yalikuja mwaka 1954, watafiti wa Uingereza H. Julian Goldsmid na R. W. Douglas walipoonyesha kuwa nusukipitishi iitwayo bismathi teluraidi inaweza kupoza kwa kiwango cha maana. Mabamba mengi yanayouzwa leo bado yanatumia malighafi hiyo.

Bamba linalopatikana kwa wingi lina umbo la mraba wenye upande wa milimita 40 na unene wa milimita 3 hadi 4. Kwa nje lina vigae viwili vyeupe vya kauri, na kati yake kuna jozi 127 za vipande vidogo vya nusukipitishi. Umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 12 ukipitishwa, joto husukumwa kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Upande wa baridi hugusishwa na kichakataji, na upande wa moto hufungwa kipande chenye mapezi na feni, au mfumo wa maji.

Jambo la msingi la kuzingatia ni kwamba bamba haliondoi joto duniani. Kazi yake ni kulihamisha, na katika kulihamisha huongeza joto lake lenyewe.

Faida zake

Faida ya kwanza ni kwamba bamba lenyewe halina sehemu inayozunguka wala kusogea. Halina kelele, halihitaji mafuta, na hufanya kazi likiwa limelala, limesimama au limepinduliwa.

Faida ya pili ni kwamba halitumii gesi. Majokofu na viyoyozi hutumia gesi ambazo baadhi yake huharibu tabaka la ozoni au huongeza joto la dunia, na ndiyo maana matumizi yake yanadhibitiwa chini ya Itifaki ya Montreal. Bamba la Peltier halina gesi ya kuvuja.

Faida ya tatu ni usahihi. Kwa kuongeza au kupunguza mkondo, joto la upande mmoja linaweza kudhibitiwa hadi sehemu ya nyuzi moja, na kwa kugeuza nyaya upande uliokuwa baridi huwa wa moto. Vifaa vichache vya kupoza vina uwezo huo.

Faida ya nne ni ubaridi wenyewe. Tofauti na feni, bamba linaweza kukishusha kitu chini ya joto la chumba. Faida hii ndiyo iliyowavutia wapenzi wa kompyuta wanaoendesha vichakataji kwa kasi kuliko iliyopangwa na mtengenezaji.

Hasara ya kwanza: matumizi ya umeme

Jokofu la kawaida linaweza kuhamisha wati 2 au zaidi za joto kwa kila wati 1 ya umeme linayotumia. Bamba la Peltier katika kazi ya kupoza kichakataji mara nyingi huhamisha pungufu ya wati 1 kwa kila wati 1.

Tuchukue mfano wa kichakataji cha wati 65 kinachopozwa kwa mabamba mawili ya kawaida, kwa kuwa bamba moja halitoshi. Ikiwa kila wati ya umeme inahamisha wati 0.6 za joto, mabamba hayo yatahitaji takribani wati 110 za ziada. Upande wa moto sasa unapaswa kuondoa joto la kichakataji pamoja na joto la mabamba yenyewe, yaani takribani wati 175. Anayebandika bamba chini ya feni ileile aliyokuwa nayo, iliyotengenezwa kwa wati 65, hushangaa kuona kompyuta yake ikipata joto zaidi kuliko awali.

Chumba cha shule chenye kompyuta 20 zilizofungwa mfumo huo, zikifanya kazi saa 6 kwa siku na siku 22 kwa mwezi, kingetumia takribani uniti 290 za ziada kila mwezi. Kiasi hicho ni karibu mara nne ya uniti 75, ambazo ni ukomo wa mwezi wa mteja wa nyumbani aliye katika daraja la matumizi madogo. Zaidi ya hayo, wati 2,200 za ziada zingeishia kuwa joto ndani ya chumba hichohicho cha wanafunzi, sawa na pasi mbili za umeme zilizoachwa zikiwaka muda wote wa masomo.

Hasara ya pili: umande

Kila anayenunua soda baridi dukani Bukoba anaijua hasara hii kwa macho. Chupa ikitolewa kwenye jokofu na kuwekwa mezani, baada ya dakika chache huloana kwa nje. Maji hayo hayatoki ndani ya chupa. Ni mvuke uliomo hewani, ambao hugeuka matone unapogusa kitu chenye ubaridi uliopita kiwango fulani, kiitwacho nyuzijoto ya umande.

Nyuzijoto ya umande hutegemea joto la hewa na unyevu wake. Katika hewa kavu yenye nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 35, hali inayoweza kupatikana Dodoma wakati wa kiangazi, umande huanza kutua kwenye kitu chenye takribani nyuzijoto 13. Kuna nafasi ya nyuzi 17 kabla ya kufika kwenye hatari. Katika hewa yenye nyuzijoto 25 na unyevu wa asilimia 75, hali ya kawaida kando ya Ziwa Victoria, umande huanza kutua kwenye takribani nyuzijoto 20. Hapo nafasi iliyobaki ni nyuzi 5 tu.

Chupa ya soda ikiloana, meza hufutwa. Kichakataji kikiloana, matone huteremka kwenye bodi kuu ya kompyuta, husababisha shoti na kuleta kutu katika miguu ya vifaa vidogo. Hatari huwa kubwa zaidi kompyuta inapowashwa bila kazi nzito: kichakataji hutoa joto kidogo, bamba huendelea kusukuma kwa nguvu ileile, na ubaridi huzidi mahitaji.

Kampuni kubwa zimekabiliana na tatizo hili. Mwaka 2020 kampuni ya Intel, kwa kushirikiana na watengenezaji wa vipozeo wakiwemo Cooler Master na EKWB, ilitangaza mfumo wa kupoza kichakataji kwa bamba la Peltier na maji. Mfumo huo ulikuwa na vipima joto na unyevu pamoja na programu ya kuzuia ubaridi usivuke nyuzijoto ya umande, na vifaa vyake vilihitaji umeme mwingi wa peke yake. Mwaka 2023 Intel ilisitisha mfumo huo. Bamba linalouzwa kwa bei nafuu mtandaoni mara nyingi huja na nyaya mbili tu, bila kipima joto, bila kipima unyevu na bila programu ya kulidhibiti.

Hasara ya tatu: udhaifu wa bamba lenyewe

Vipande vya nusukipitishi ni vyepesi kuvunjika, na maungio yake hupasuka kidogo kidogo kila bamba linapopoa na kupata joto kwa ghafla. Kuwaka na kuzimika mara kwa mara hufupisha maisha yake. Bamba likifa huwa kizuizi kati ya kichakataji na mapezi, hivyo kompyuta hupata joto kwa haraka kuliko ambayo haikuwahi kufungwa bamba.

Bukoba na Muleba zina mazingira gani

Mambo matatu ya mahali huongeza uzito wa hasara hizo.

La kwanza ni hali ya hewa. Mji wa Bukoba uko kando ya ziwa, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi kikubwa kikilinganishwa na maeneo mengi ya nchi. Joto la mchana kwa kawaida halizidi sana nyuzijoto 26. Kadiri mtu anavyoondoka ziwani kuelekea magharibi mwa mkoa, mvua hupungua. Kwa hiyo hewa ya pwani ya ziwa, kuanzia Bukoba hadi ukanda wa Muleba unaopakana na maji, tayari ni ya kiasi kwa feni ya kawaida, lakini ina unyevu mwingi usiofaa kwa kitu kilichopozwa chini ya joto la chumba. Faida kuu ya bamba haihitajiki sana hapa, ilhali hasara yake kuu ipo karibu mwaka mzima.

La pili ni umeme. Kwa miaka mingi Bukoba na maeneo jirani yametegemea umeme unaotoka Uganda kupitia njia ya Masaka ya kilovolti 132. Serikali imekuwa ikitekeleza miradi ya kuiunganisha Kagera na Gridi ya Taifa, ikiwemo njia ya kilovolti 220 kutoka Benaco hadi Kyaka, sambamba na mradi wa maporomoko ya Rusumo wa megawati 80 unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi. Hata umeme unapoimarika, taasisi inayotumia betri ya akiba ina hesabu ya kufanya: kompyuta na kioo chake vinavyotumia wati 150 vikiongezewa mabamba ya wati 110, muda wa kuhifadhi kazi baada ya umeme kukatika hupungua kwa karibu nusu. Katika visiwa vya Muleba kama Bumbire na Goziba, mahali panapotegemewa paneli za jua, gharama hiyo ni nzito zaidi.

La tatu ni chanzo halisi cha joto. Katika kompyuta nyingi zinazojizima, feni imeziba kwa vumbi jekundu la barabarani au kwa wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku, au krimu ya kupitisha joto imekauka kwa umri. Bamba la Peltier haliondoi lolote kati ya hayo. Feni ya upande wa moto huziba vilevile, na ikiziba madhara huja kwa kasi zaidi.

Mahali bamba linapostahili

Itakuwa makosa kuhitimisha kuwa teknolojia hii haina nafasi Kagera. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg katika Wilaya ya Bukoba, ambao uligharimu maisha ya watu 6 kabla ya kutangazwa kumalizika tarehe 2 Juni mwaka huo. Mlipuko mwingine ulitangazwa Januari 2025 wilayani Biharamulo, baada ya sampuli kupimwa katika maabara hamishi ya Kabaile iliyopo mkoani Kagera na kuthibitishwa Dar es Salaam.

Virusi vya aina hiyo huthibitishwa kwa kipimo cha PCR. Mashine ya kipimo hicho hupandisha joto la sampuli hadi takribani nyuzijoto 95, huishusha hadi takribani 60, kisha hurudia mzunguko huo mara 30 hadi 40 au zaidi kwa usahihi mkubwa. Katika mashine nyingi, kazi hiyo ya kupasha na kupoza kwa zamu hufanywa na mabamba ya Peltier, kwa kuwa ni rahisi kuyageuza na kuyadhibiti. Hapa umeme unaotumika una thamani yake, kwa sababu hakuna feni inayoweza kufanya kazi hiyo.

Mabamba hayohayo hutumika katika visanduku vidogo vya kubebea dawa zinazohitaji ubaridi, kama insulini, na katika kupoza kamera na leza za kitaalamu. Sifa ya pamoja ya matumizi haya ni kwamba kinachopozwa ni kidogo, joto lake si kubwa, na usahihi unahitajika kuliko unafuu wa umeme. Kichakataji cha ofisini kina sifa zilizo kinyume: hutoa joto jingi, kwa saa nyingi, na hakihitaji usahihi.

Hatua zinazoshauriwa kwa kompyuta za kawaida

Kabla ya kufikiria kifaa chochote kipya, msimamizi wa kompyuta anashauriwa kufuata hatua hizi kwa mpangilio:

1. Kupima joto la kichakataji kwa programu ya kompyuta yenyewe, ikiwa haina kazi na ikiwa na kazi nzito, na kuandika matokeo.

2. Kuzima kompyuta, kuchomoa waya wa umeme na kusafisha feni na mapezi kwa brashi laini au hewa ya kupuliza. Kazi hii irudiwe angalau mara mbili kwa mwaka, na mara nyingi zaidi kwa ofisi zilizo kando ya barabara ya vumbi.

3. Kubadilisha krimu ya kupitisha joto kwa kompyuta iliyotumika miaka kadhaa. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye ujuzi, na kwa kompyuta iliyo ndani ya dhamana ifanywe na muuzaji aliyeidhinishwa.

4. Kuiondoa kompyuta sakafuni na ukutani, kuacha nafasi ya hewa pande zote, na kufungua madirisha yanayopishana ili hewa ipite.

5. Kupima joto tena na kulinganisha na lile la mwanzo. Ikiwa bado liko juu, feni au kipande cha mapezi kikubwa zaidi ndicho kinachofuata.

Kwa taasisi za umma, mabadiliko ya vifaa yapitie kwa Ofisa TEHAMA na yazingatie miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019. Ununuzi ufanyike kwa mujibu wa Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023. Vifaa vilivyoharibika visitupwe jalalani pamoja na taka za kawaida, kwa kuwa taka za kielektroniki zina utaratibu wake wa kukusanywa.

Mwananchi anayeuziwa kipozeo cha Peltier kwa ajili ya kompyuta yake anayo haki ya kuuliza maswali manne: kinatumia wati ngapi, kinaweza kuondoa wati ngapi za joto, kina kipima unyevu kinachozuia umande, na upande wake wa moto unapozwa na nini. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo anauza ubaridi ambao, katika hewa ya Bukoba na Muleba, unaweza kugeuka maji juu ya bodi ya kompyuta. Kwa kompyuta ya kawaida ya ofisi, shule au duka katika wilaya hizi, feni safi na krimu mpya vinatosha.